Samaki wa Rangi ya Dhahabu

Ndugu msikilizaji, hapa Nkoaranga ukimwambia mtu kwamba unasomea samaki, swali la kwanza litakuwa bwawa lako liko wapi, na la pili kilo moja unauza shilingi ngapi. Ni maswali ya haki. Sisi wa mteremko huu wa Meru tunaijua kahawa, tunaijua migomba, tunamjua ng'ombe wa zizini, na samaki tunamjua akiwa kwenye beseni la mama muuzaji pale Tengeru siku ya soko. Samaki wa kuzungumzwa nusu saa redioni bila kukaangwa ni habari nyingine. Lakini leo nakuomba unistahimilie, maana ninaye samaki asiyeliwa. Kuna watu waliompa maisha yao yote ya kazi. Baadhi yao walikufa kabla hawajajua amefika wapi. Na mahali pamoja alipofika ni kwenye ngozi yako wewe unayenisikiliza.

Wataalamu wanamwita Danio rerio. Mimi nitamwita samaki milia, kwa kuwa ubavuni ana mistari ya buluu iliyokoza inayotoka kichwani hadi mkiani. Kwao ni Asia ya Kusini, India, Nepal na Bangladesh, kwenye vijito vya taratibu, madimbwi na majaruba ya mpunga. Akikomaa ana sentimita 3 hadi 4 tu. Ulaya na Marekani alijulikana kwanza kama pambo la sebuleni, samaki wa bei ndogo anayeuzwa kwenye duka la wanyama wa kufugwa.

Mtu aliyemtoa dukani na kumwingiza katika elimu ya urithi ni George Streisinger. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1927, katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi ikahamia Marekani. Alipata jina mapema kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, na kwenye kazi hiyo hakuwa na shida ya sifa wala ya fedha. Angebaki hapohapo angestaafu kwa heshima zake. Ila kirusi hakina moyo, hakina jicho wala uti wa mgongo, na Streisinger alitaka kujua jinsi mwili wenye vitu hivyo unavyojijenga kutoka kwenye yai moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa Chuo Kikuu cha Oregon katika mji wa Eugene, akaanza kufuga samaki milia. Wenzake walimshangaa. Miaka ikapita bila makala kubwa, mmoja, mitatu, mitano, ikapita kumi. Makala iliyompa samaki huyu hadhi ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1981.

Hebu tusimame kidogo kwenye yai lenyewe, maana ndilo lililomvuta.

Katika chumba cha samaki milia maji huwekwa kwenye nyuzi joto zisizopungua sana wala kuzidi sana 28. Taa huwaka saa 14 na kuzimwa saa 10, ili samaki wajue mchana na usiku. Taa zikiwashwa asubuhi, majike huanza kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai kwa wiki, na dume huyarutubisha humohumo majini, nje ya mwili wa mama. Yai ni angavu. Ukiliweka chini ya hadubini unaiona seli moja ikigawanyika kuwa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mpaka unashindwa kuhesabu. Kesho yake, saa 24 tu baadaye, unaona kichwa, macho na mkia, na moyo umekwisha kuanza kupiga. Siku ya tatu ameanguliwa. Siku ya tano anaogelea akitafuta chakula. Baada ya miezi mitatu hivi naye ni mzazi.

Sasa mlinganishe na sisi. Mimba ya binadamu imefichwa miezi tisa, na haifai kuchezewa. Ultrasaundi inaonyesha mtoto ameshakuwa na umbo, haionyeshi seli mojamoja zikihama kwenda kuwa moyo au kuwa jicho. Na panya wa maabara, ambaye yuko karibu nasi zaidi kuliko samaki, naye hubeba mimba ndani. Samaki milia ndiye aliyeacha mlango wazi.

Lakini kuangalia peke yake hakutoshi. Ukitaka kujua kila jeni ina kazi gani, unafanya anavyofanya fundi redio: anachomoa waya mmoja, anasikiliza ni sauti gani imekatika, anaurudisha, anachomoa mwingine. Mtafiti huharibu jeni moja, kisha anaangalia kiinitete kimekosa nini. Kimekosa mapezi? Damu haizunguki? Macho hayakuumbika? Basi jeni ile ina mkono katika jambo hilo. Kufanya hivyo kunataka familia za samaki zinazojulikana kizazi kwa kizazi, na hiyo ndiyo kazi iliyommaliza Streisinger miaka yote ile ya kimya. Katika makala ya 1981 alionyesha namna ya kupata samaki wanaofanana kabisa kijeni, waliotokana na jeni za mama peke yake. Na miongoni mwa samaki aliowatumia kama alama ya kufuatilia urithi alikuwamo mmoja aliyepauka. Milia yake haikuwa ya buluu iliyokoza. Ilikuwa imefifia, na mwili ukabaki na rangi ya dhahabu, hata jina lake maabara likawa hilo. Tafadhali mweke akilini samaki huyo wa dhahabu, tutakutana naye tena mara mbili.

Streisinger alifariki mwaka 1984 akiwa anazamia majini. Wenzake wa Eugene, Charles Kimmel na Monte Westerfield wakiwamo, hawakuiacha kazi. Westerfield aliandika kitabu cha maelekezo ya kufuga na kuchunguza samaki hawa, Kimmel na wenzake wakachora hatua za ukuaji wa kiinitete saa kwa saa, na michoro hiyo ya mwaka 1995 inatumika mpaka leo. Waliwagawia samaki na maarifa wote waliotaka. Nasema hili kwa makusudi. Ziko fani za sayansi ambazo mtu hufungia mbegu yake kabatini, na fani hizo huenda polepole.

Ujerumani, mjini Tübingen, yuko mama mmoja anayeitwa Christiane Nüsslein-Volhard. Huyu alikwisha kutikisa elimu ya viinitete kwa kuchunguza nzi wa matunda, na nzi hao ndio waliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Eric Wieschaus na Edward Lewis. Wakati anaitwa kupokea tuzo ya nzi, tayari alikuwa amezama kwenye samaki. Alijengewa nyumba yenye matangi yapatayo 7,000. Kundi lake, na kundi jingine la Boston lililoongozwa na Wolfgang Driever na Mark Fishman, waliharibu jeni za samaki ovyo kwa kemikali, wakawazalisha, wakaketi kwenye hadubini kukagua maelfu kwa maelfu ya viinitete, wakiandika kila kasoro. Desemba 1996 jarida la Development lilitoa toleo zima la matokeo yao, makala 37 kwa mpigo. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena samaki wa pambo anafanya nini maabara. Mwaka 2013, jeni zake zote zilipokuwa zimesomwa, ilionekana kwamba karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake kwa samaki huyu.

Turudi kwa yule wa dhahabu.

Keith Cheng, daktari na mtafiti wa saratani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alitaka kujua ni jeni gani iliyoharibika mpaka samaki yule akapauka. Yeye na wenzake, akiwamo Rebecca Lamason, waliipata. Inaitwa SLC24A5. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nacheka kwa furaha: wakachukua ujumbe wa jeni hiyohiyo kutoka kwa binadamu, wakauingiza kwenye kiinitete cha samaki wa dhahabu, na samaki akaota rangi yake iliyokoza. Jeni ya mtu ilifanya kazi ndani ya samaki. Walipoangalia kwa binadamu, wakakuta badiliko moja dogo katika jeni hiyo, ambalo karibu Wazungu wote wanalo, na linachangia sehemu isiyo ndogo ya weupe wa ngozi zao. Matokeo hayo yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2005. Tafakari kidogo: vitabu vingapi vimeandikwa, na damu ya watu kiasi gani imemwagika, kwa ajili ya tofauti ambayo sehemu yake isiyo ndogo ni herufi moja ya jeni, na aliyeifichua ni samaki wa shilingi chache.

Hiyo ilikuwa habari ya Wazungu. Ya kwetu ilikuja mwaka 2017.

Kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hicho ni chuo kingine cha Philadelphia, tusivichanganye, lilikuwa limezunguka Afrika kwa miaka mingi. Hapa Tanzania walifanya kazi na Profesa Thomas Nyambo wa Muhimbili, mtaalamu wa baiokemia. Mwaka 2007 walikwisha kuchapisha utafiti juu ya jeni inayowawezesha wafugaji kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuvuruga, na wakaonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo huo kwa njia yao wenyewe, hawakuurithi kutoka Ulaya. Mara hii swali lilikuwa rangi. Walipima ngozi za watu 2,092 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, kwa kifaa kinachomulika upande wa ndani wa mkono ambako jua halifiki sana, kisha wakasoma jeni za wengi wao.

Kilichoonekana ni kwamba Waafrika hatuna rangi moja, jambo ambalo mtu yeyote aliyepanda basi la Arusha kwenda Karatu analijua, ila sasa lilikuwa na maelezo. Wasan wa Botswana ni maji ya kunde, wafugaji wa asili ya Kinailo ni weusi wa kukoza. Jeni zilizohusika zilikuwa kadhaa, na mojawapo ilikuwa ileile ya samaki wa dhahabu, SLC24A5. Badiliko lake lilifika Afrika Mashariki kutoka nje ya bara, maelfu ya miaka iliyopita, na leo lipo kwa Watanzania na Waethiopia wengi tu. Jeni nyingine haikuwa imejulikana kuwa na kazi yoyote kwenye ngozi. Inaitwa MFSD12. Watakuwaje na hakika? Wakarudi kwa samaki milia. Wakaizima jeni hiyo kwenye kiinitete, na zile seli zinazompa samaki rangi ya njano katikati ya milia zikakosa rangi. Wakaizima kwa panya wa manyoya ya hudhurungi, akatoka wa kijivu. Hapo ikathibitika: jeni iliyoonekana kwanza katika damu ya Waafrika ina kazi katika rangi, na ushahidi umetolewa na samaki.

Jambo jingine la utafiti huo ambalo halikutangazwa vya kutosha ni umri wa mabadiliko hayo. Baadhi yake, ya kukoza na ya kupauka vilevile, yapo Afrika tangu mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, kabla binadamu wa namna yetu hajatokea. Kwa hiyo ule msemo kwamba Mwafrika halisi ni mweusi tu na weupe wowote ni wa kuja, sayansi imeukataa.

Katika orodha ileile ya jeni ilikuwamo OCA2, na hapa, ndugu msikilizaji, naomba upunguze moto wa jiko usikilize vizuri. OCA2 ikitikiswa kidogo inabadili rangi ya ngozi. Ikiharibika kabisa, kwa nakala zote mbili, ile ya baba na ile ya mama, mtoto anazaliwa na ualbino. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake, akiwamo Dakta Luande aliyekuwa amechunguza kwa miaka ngozi za Watanzania wenye ualbino, walichapisha kwamba wengi wao wamekosa kipande kilekile cha jeni hii, cha herufi takriban 2,700. Kipande hichohicho kimekosekana kwa watu wenye ualbino wa nchi nyingine nyingi kusini mwa Sahara. Yaani ni badiliko la kale, limetembea na mababu zetu.

Maana yake nyumbani ni hii. Baba na mama wote wawili wanaweza kuwa na ngozi nyeusi, wazima kabisa, kila mmoja akiwa na nakala moja iliyoharibika asiyoijua. Kila wanapopata mimba, nafasi ya mtoto mwenye ualbino ni moja kwa nne. Mama hakutoka nje ya ndoa. Hakuna aliyevuka kaburi la mtu, hakuna mzimu aliyekasirika. Na baba anayemwacha mama wodini kwa sababu ya mtoto wa namna hiyo anapaswa kujua kwamba nusu ya sababu aliileta yeye mwenyewe. Anachohitaji mtoto huyo ni kofia pana, mikono mirefu, miwani, kukaa mbele darasani, na losheni ya kukinga jua. Moshi, pale KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na losheni ya Kilisun inayotengenezwa huko imekusudiwa wao. Jua la huku juu Meru lina ubaridi wa kudanganya; linaunguza wakati hulihisi.

Nimekaa muda mrefu kwenye rangi. Sasa twende Ziwa Natron, kwa samaki wengine.

Volkano iliyotupa udongo wa kahawa ndiyo iliyotupa pia floraidi kwenye maji, na watoto wetu wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanaonyesha hayo kwenye meno yao wakicheka. Volkano ndizo pia zilizoijaza Natron magadi. Ukitoka hapa ukapita Arusha mjini, Mto wa Mbu, Engaruka, ukafika Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, unaliona ziwa ambalo kwa macho halina dalili ya samaki. Magadi yameganda juu. Lakini pembezoni kuna chemchemi za maji ya moto, na humo wanaishi perege wadogo wa kundi la Alcolapia. Natron ina aina tatu, na ya nne iko Magadi, upande wa Kenya. Zamani, yapata miaka 10,000 iliyopita, maziwa hayo mawili yalikuwa ziwa moja. Ziwa likakauka, perege wakabaki kwenye chemchemi. Hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani.

Shida yao ni hii. Samaki wa kawaida hutoa taka ya mwili ikiwa amonia, kupitia mashavuni, inayeyuka majini basi. Katika maji makali ya magadi, yenye pH inayokaribia 10, amonia haitoki, inabaki mwilini, na amonia ni sumu. Mwaka 1989 watafiti, David Randall na Chris Wood wakiwamo, pamoja na Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya, walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba perege wa Magadi anaigeuza taka yake yote kuwa urea. Urea ndiyo tunayoikojoa mimi na wewe. Sisi tunaitengeneza kwenye ini. Yeye anaitengeneza hasa kwenye misuli.

Na kiinitete chake je? Mama perege hubeba mayai mdomoni, na mdomo umo ndani ya maji yaleyale. Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha York, Uingereza, katika maabara ya Mary Elizabeth Pownall inayochunguza ukuaji wa viinitete, lilichapisha kwamba jeni za kutengeneza urea zinawashwa mapema, misuli ya kiinitete ikiwa ndiyo kwanza inajengeka, na kwamba kimeng'enya chake kimoja kimebadilika kikafanana kikazi na cha binadamu. Miongoni mwa waandishi ni Mtanzania, Asilatu Shechonge wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi. Dada huyu anajulikana zaidi kwa kazi nyingine: ameonyesha jinsi perege wa kigeni waliopandikizwa kwa miongo mingi walivyosambaa kwenye mito na mabwawa ya Tanzania, wakachanganyika na wenyeji na kuwameza.

Hapa ndipo samaki milia anapokutana na perege wa Natron. Samaki milia naye huwasha jeni za urea, lakini akiwa mchanga tu, ndani ya yai na siku za mwanzo. Akikua anaachana nazo. Perege wa Natron hakuachana nazo. Jambo ambalo wengine wanalifanya utotoni, yeye amelifanya maisha. Kwa nini jeni hizo zizimike kwa mmoja na ziendelee kuwaka kwa mwingine? Ni nini kinachoziwasha kwenye misuli badala ya kwenye ini? Hilo ni swali la kuanzia shahada ya uzamili likamfikisha mtu kwenye uprofesa, na samaki wa kulijibu wako mkoani kwetu Arusha.

Mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ilijitoa katika mradi wa kiwanda cha magadi Natron, baada ya ubishi mkubwa. Ubishi ule ulikuwa juu ya heroe, au flamingo kama wengi tunavyosema, kwa kuwa Natron ndiko wanakozalia. Vema, wana sauti na wana watalii. Perege wa chemchemi hawakuwa na mtu wa kuwapigia kelele, ingawa heroe anaweza kuruka akaenda ziwa jingine, na perege hawezi.

Wapo watakaosema nchi ina shida nyingi, kwa nini tulipe watu waangalie mayai ya samaki. Nawajibu kwa hesabu ya miaka. Streisinger alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kuahidi chochote cha manufaa. Samaki wake wa dhahabu aliingia kwenye makala mwaka 1981, akaeleweka mwaka 2005, akagusa ngozi za Watanzania mwaka 2017. Hakuna andiko la mradi wa miaka mitatu ambalo lingekubali safari hiyo. Miradi mingi inayokuja huku ni ya miaka mitatu. Mtafiti kijana anatumia mwaka wa kwanza kutafuta vibali na kununua vifaa, wa pili kukusanya, wa tatu kuandika ripoti ya mfadhili, na samaki wanasahaulika kwenye ndoo. Nami sitakubali kwamba tatizo ni umaskini peke yake. Chumba cha samaki ni matangi, pampu, kipasha maji, taa yenye saa, hadubini, umeme usiokatika na mtu mwaminifu wa kulisha Jumapili. Tunazo hoteli za kitalii kwenye barabara ya Moshi zenye mitambo mikubwa kuliko hiyo kwa ajili ya bwawa la kuogelea.

Ninao ujumbe kwa watu wa aina mbili, kisha nimwachie mwenzangu wa taarifa ya habari. Walimu wa baiolojia wa sekondari zetu za Meru: wafugaji wa samaki mnao jirani. Perege wa bwawani naye hubeba mayai mdomoni. Mwombeni mfugaji siku anayowatenga majike, mchukue mayai machache, myaweke chini ya hadubini ya shule, na wanafunzi waone moyo ukipiga kabla hawajauchora kwenye daftari. Na nyinyi mnaopitisha fedha za utafiti, Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vyetu, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru: tengeni kifungu kimoja kidogo cha miaka kumi, kisichomuuliza mtafiti samaki wake ataliwa na nani, na mtafiti wa kwanza atakayekipata atumwe Natron.